Siku ya Mwisho ya Kuomba Sababu

Aliyemwambia mkwe habari ya ile barua alikuwa wifi yake mshonaji, kwa kunong'ona, walipokuwa wakianua nguo: ofisi ya kodi imeyafungua upya makadirio ya karakana ya baba, ya miaka ambayo alikwisha kupewa hati kwamba yamefungwa, na mzee alikuwa ameilalia barua chini ya godoro karibu mwezi mzima.

Mchana ule ule mzee, fundi seremala, aliyekuwa mahututi kitandani, akawaita chumbani: mwanawe kinyozi, binti yake mshonaji, na yeye mkwe, aliyekaa karibu na mlango akinyonyesha, maana hakuwa mtu wa kukaa mbele. Mzee hakutulia. Aliutaka mto, akausukuma, dirisha lifunguliwe, lifungwe, ndipo akaanza.

"Sikilizeni wanangu, msinikatize, pumzi hii niliyo nayo ni ya kuazima. Karakana ni yenu wote, msiigawe. Kitanda cha mwalimu kimebaki miguu miwili, mkimalizie. Hayo mepesi. Zito ni hili la barua. Ina mstari mmoja tu: kutokana na taarifa tulizopokea. Taarifa gani, za nani, za mwaka upi, hakuna. Nami kwa kiherehere changu nikaenda ofisini, na badala ya kuuliza nikajitetea. Nikaeleza mbao zilizopinda nikazichoma, nikaeleza milango niliyowafungia watu bila risiti, mpaka kibanda cha nyuma ambacho hakuna aliyenitajia. Karani anaandika tu, kalamu haipumziki. Nikatoka nimejipimia jeneza kwa rula yangu mwenyewe.

"La pili ni baya zaidi. Kwa kuwa sikupewa sababu, nikajitafutia. Nikasema aliyenichongea ni mdogo wangu, muuza mbao, kwani nani mwingine anajua nilichukua mbao ngapi? Alikuja kuniangalia, nikamfukuza mlangoni, naye amebeba matunda. Sijui kama ni yeye. Hilo ndilo linalonikereketa usiku na mchana. Sijui."

Kinyozi akaingilia, akasema afadhali wasaini ile fomu ya kukubali deni iliyokuja na barua, yaishe, nani anashindana na serikali. Mzee akamkodolea macho.

"Wewe ukimaliza kumnyoa mtu humpi kioo? Basi na wao watupe. Walifunga wenyewe, wakafungua wenyewe. Anayefungua ndiye wa kueleza. Nyuma ya barua, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, wameandika kwamba mlipakodi ana haki ya kupewa sababu kamili kwa maandishi, akiomba ndani ya siku thelathini. Nimeisoma jana, kwa miwani ya jirani. Kesho ndiyo ya thelathini. Kama tumekosa tutalipa, hata kwa kuuza msumeno wa umeme. Ila msijibu neno kabla hamjajua mnajibu nini."

Kisha akageukia mlangoni.

"Utakwenda wewe, mama. Hawa wawili wana mdomo wangu. Wakiulizwa habari ya mvua watataja na paa linapovuja. Wewe unajua kunyamaza. Hata kama sijazikwa, nenda. Na mdogo wangu... aitwe. Asiulizwe kitu. Akae... na nyinyi, mbele. Mungu awalinde. Mikono yenu isikose... kazi. Nanyi msikosane. Mfunikeni huyo mtoto... dirisha hilo..."

Hakusema tena. Jua lilipozama alikuwa amekwisha kwenda.

Asubuhi ua ulijaa watu. Baba mdogo, muuza mbao, alikuwa amekaa mbele, macho mekundu, na hakuna aliyemwuliza lolote. Mkwe alimkabidhi wifi yake mtoto, akapita katikati ya wanawake waliomshangaa anatokaje nyumbani na maiti bado ndani, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya kodi. Akaweka mezani karatasi aliyoiandika mwenyewe alfajiri, mara tatu, mpaka isiwe na kosa: tunaomba sababu zote, kwa maandishi. Karani akampa pole, akamsogezea ile fomu ya kukubali, akamwambia akisaini hatasumbuliwa tena. Halafu, kama mtu wa mazungumzo tu, akamwuliza kile kibanda cha nyuma kilikuwa cha nini hasa. Mkwe alirudisha fomu upande wa karani, akaisogeza karatasi yake ilipokuwa fomu, akasimama pale bila neno mpaka ikagongwa muhuri wa tarehe ya siku ile.