Mama Aliyerudi Ndani ya Basi

Bwana asifiwe! Nasema asifiwe, ndugu zangu, maana huyu aliyesimama mbele yenu alikuwa ameshafungwa mikono, na watu walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana petroli.

Mniwie radhi nikikosea. Mimi si mtu wa kusimama kanisani. Naitwa Festo. Kwetu ni Newala, lakini ukiniuliza ninakaa wapi itabidi uniambie kwanza mwezi gani. Shule niliiacha darasa la sita. Kujifunza nilikupenda, nilichoka kujifunza nimekaa. Nimebeba magunia ya korosho bandarini, nimekuwa utingo wa malori, nimechota chumvi kwenye majaruba. Nimevuka Ruvuma nikakaa Msumbiji hadi nikajua kuomba maji na kuulizia kibarua kwa Kireno, na kulipochafuka kwa mashambulizi nikarudi. Kila nilikofika nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, kutaka kujua. Hiki kinafanyaje kazi? Ndani mna nini? Redio ikifa naifungua. Mashine ikinguruma nasimama kuitazama mpaka nifukuzwe. Hata Mungu, ndugu zangu, nilisema siku nikipata pa kumfungulia nikaona ndani, ndipo nitaamini. Msinicheke. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya msimu wa korosho. Nilipanda basi Msimbati asubuhi kuja Mtwara mjini. Nilikuwa na begi moja la mgongoni, na ndani ya begi kulikuwa na shati, mswaki, na redio niliyokuwa nimeifungua, waya zake nje, betri nimezifunga kwa gundi ya karatasi ili zisipotee. Kando yangu alikaa kijana wa mjini, amevaa fulana ya bluu. Kiti cha nyuma yetu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kitenge cha kwaya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaendelea kuimba kwa sauti ya chini. Sikumjua. Mizigo yake ilikuwa chini ya viti vya nyuma pamoja na ya abiria wengine.

Tulipofika Madimba, pale kwenye mitambo ya gesi, ugonjwa wangu ukapanda. Nikamgeukia yule kijana.

"Kaka, lile bomba la kwenda Dar wamelifukia kina gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Na likitoboka hapa, wao kule wanajuaje?"

"Bwana wee, unataka kulinunua?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwuliza na konda basi lake linabeba abiria wangapi, na stendi huwa linajaa saa ngapi. Maswali tu! Nikimaliza safari bila kuuliza kitu naona kama sikusafiri.

Madimba tulikuwa tumeipita kitambo. Basi likaruka tuta. Na hapo hapo, ndugu zangu, kikalipuka kitu nyuma yetu. Kishindo kikubwa! Kishindo ndani ya basi lililofungwa vioo! Masikio yangu yakaziba. Kitu cha majimaji kikanipiga shingoni. Mtu akapiga kelele, "Tindikali!" Mwingine akaita, "Bomu! Bomu!"

Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza sana. Ng'ambo ya mto tumesikia tuliyoyasikia. Wengine wenu mna ndugu waliovuka na nguo walizovaa, bila hata viatu. Hofu ile tunakula nayo na kulala nayo, tunajifanya hatuioni. Siku ile ilisimama ndani ya basi.

Dereva alikanyaga breki. Watu walitokea mlangoni, walitokea madirishani. Nilimwona mama akimrusha mtoto wake nje kwa mtu asiyemjua hata jina, na mtu yule akamdaka. Tulikimbilia kwenye mikorosho tukalala chini. Mzee mmoja mwenye kofia alisoma dua, mama mmoja karibu yake akasema Baba Yetu, na sauti zao zikapanda pamoja, hakuna aliyemwona mwenzake wa ajabu. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Michubuko tu. Basi lilibaki barabarani, mlango wazi, injini inaunguruma peke yake. Hakuna aliyethubutu kulisogelea.

Simu zikatoka mifukoni. Baadaye nilikuja kusikia kilichotokea mjini. Ilikuwa imeandikwa mitandaoni kwamba basi limelipuliwa na watu wamekwisha! Sokoni wakafunga vibanda. Wazazi wakakimbilia shuleni kuchukua watoto. Bodaboda wakakataa kumpakia mtu yeyote mwenye begi kubwa. Jioni ile kule Shangani, ambako watu huenda kupunga upepo, hapakuwa na mtu. Mji mzima ulikuwa unatulilia, na sisi tulikuwa hai, tumekaa chini ya mikorosho tunafuta vumbi!

Lakini hofu haikutaka kukaa bure. Ilitaka mtu.

"Mbona huyu ametoka na begi lake?" Ni kijana wa fulana ya bluu. Kweli, wote waliacha mizigo, mimi nilikuwa nalo mgongoni. Nikatazama huku na huku kama kuna mwingine anayesemwa. Hakuwapo.

"Alikuwa anauliza bomba la gesi!"

"Na mimi kaniuliza stendi inajaa saa ngapi!" Huyo ni konda.

"Toa kitambulisho!"

Nikasema kilipotea Tunduru. Wakauliza nilikuwa wapi kabla ya hapo. Nami kwa ujinga wangu, kwa kudhani ukweli utanisaidia, nikasema niliwahi kukaa Msumbiji.

Wakalifungua begi. Ndugu zangu, mngeziona waya zile hata ninyi mngekimbia. Walirudi nyuma wote kwa pamoja, kisha mawe yakaanza. Jiwe la kwanza lilinipata hapa juu ya jicho. Konda akaleta ule mpira wa kufungia mizigo, wakanifunga mikono kwa nyuma. Wanakijiji nao walikuwa wamefika. Mtu akasema wasubiri polisi, mwingine akamjibu, "Umsubirishe gaidi? Ana wenzake huyo!" Ndipo nikasikia habari ya petroli. Nilimtazama yule kijana tuliyecheka naye. Alikuwa amejibanza nyuma ya mkorosho. Alikuwa ananiogopa! Mimi! Sijawahi kuogopwa na mtu tangu nizaliwe.

Sikujua kuomba. Nilisema moja tu, tena kimoyomoyo: Wewe, kama upo, angalia hapa.

Sasa sikilizeni. Yule mama wa kitenge alikuwa amekaa chini ya mkorosho. Amenieleza mwenyewe baadaye, na amenikubalia niseme. Alishika kitenge chake akaona kimelowa. Akanusa. Moyo ukamkatika.

Ulikuwa uraka. Juisi ya mabibo, matunda ya mkorosho, iliyochacha. Nani hapa asiyeujua? Na nani asiyejua kwamba dumu la uraka halikazwi kifuniko? Unaliziba kwa majani au kitambaa, lipumue, maana linaendelea kuchacha njiani. Mama huyu anajua, amezaliwa kwenye mikorosho. Lakini wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kwa mazungumzo, na wazee hao walishasema bila uraka wa msimu hawakai kikao. Naye ni mama wa maombi. Angepandaje basi akinuka pombe, na kitenge cha kwaya kichwani? Basi akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akafunga dumu kwa mifuko ya plastiki, akaliweka kwenye kiroba. Jua likafanya kazi, tuta likamalizia.

Alisimama akapaza sauti. "Mwacheni! Ni mzigo wangu ule!"

Hakuna aliyemsikia. Mtu akamshika bega, "Mama, kaa chini, umechanganyikiwa."

Ndugu zangu, hapo angeweza kukaa. Ningechomwa, uraka ungekauka kwenye sakafu ya basi, na yeye angeendelea kuimba kwaya. Badala yake alianza kutembea kuelekea basini. Watu walipiga mayowe. "Mama, rudi! Kuna la pili humo!" Hakugeuka. Akapanda ngazi, akaingia. Mayowe yakakoma. Hata walionishika waliniachia bila kujua.

Akatoka amekumbatia dumu la lita tano, halina kifuniko, povu linamwagika kifuani pake.

"Uraka huu! Uraka wa wakwe zangu!"

"Weka chini, mama! Usisogee! Hiyo ni kemikali!" konda alifoka huku anarudi nyuma.

Mama akamtazama. Akaliinua dumu kwa mikono miwili, akanywa. Mbele ya watu wote! Mama ambaye tangu aokoke hajaonja hata togwa lililolala! Akanywa hadi ukamtiririka shingoni, akashusha dumu, akakohoa.

"Haya. Nimekufa? Nani mwingine aonje?"

Kisha yule mzee mwenye kofia akasogea, akainama kidogo, akanusa.

"Mimi kuonja siwezi, binti yangu, dini yangu hairuhusu," akasema. "Lakini harufu hii naijua. Ni uraka, tena mzuri."

Watu walicheka huku wanalia. Wengine waliketi chini palepale barabarani. Kijana wa fulana ya bluu akaja kunifungua, fundo likamshinda, akaliuma kwa meno.

"Kaka, si ungesema tu kwamba wewe unapenda kujua mambo?"

"Nilikuwa nakuuliza tangu Madimba," nikamwambia.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaturuhusu. Mama akanipeleka kwake akaniosha jicho hili. Hakunihubiria. Mimi ndiye niliyeuliza, kama kawaida yangu. Kwa nini ulirudi ndani, hunijui, na aibu ulijua inakusubiri? Akasema, "Mwanangu, Yesu aliniona mimi nikiwa na dhambi zangu, akanijia. Ningekaaje chini?" Hilo tu. Nimefungua redio nyingi, ndugu zangu, sijawahi kuona ndani ya kitu chochote kama nilivyoona siku ile. Niliokoka nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake, kitambaa cha maji moto kikiwa usoni.

Sasa nasema lililonisimamisha hapa. Mama huyo mnamjua. Ni Mama Agripina, mwalimu wa kwaya yenu. Video mmeiona, mji mzima umeiona: mwalimu wa kwaya anakunywa uraka barabarani na watu wanacheka. Mmemtoa kwenye kwaya na kwenye Meza ya Bwana. Wazee wa kanisa, nawaheshimu, utaratibu ni wenu na mimi ni mgeni wa juzi. Lakini video ile inaanza pale anapoinua dumu. Hakuna aliyepiga picha mikono yangu ilivyofungwa. Hakuna aliyepiga picha akipanda zile ngazi peke yake. Ndiyo maana nimekuja, niwape kipande kinachokosekana.

Namshukuru Mungu aliyeangalia. Nilidhani akijibu atatuma radi au malaika. Alimtuma mama, tena amelowa pombe! Siachi kushangaa. Usiku nashtuka nikiwaza, je, angekaa chini?

Na wewe uliyekuja leo kwa kusindikizwa, uliye kama nilivyokuwa, mwenye maswali mengi kuliko imani, usiogope kuja nayo. Mtumaini huyu Mungu. Ibada ikiisha njoo pale benchi la mwisho, ndiko tunakokaa mimi na Mama Agripina. Benchi ni fupi, lakini tutasogea upate nafasi.