Kilichonikaba Njia ya Maore

Wapendwa, nashukuru kwa nafasi hii. Mchungaji, utanivumilia kidogo, maana nitataja na mambo ya msituni.

Mnanijua. Nashuka Maore na tangawizi, napanda Myamba na mchele kichwani. Mwaka juzi nikipanda, nilipofika pale kwenye msitu wa ukoo, yalipowekwa mafuvu ya wazee wetu, kitu kikanikamata kifuani. Kilikuwa kama mkono mzito unaonigandamiza, ukapanda mpaka tayani. Ndege wamenyamaza, jasho la baridi linanitoka, na nahisi kabisa nyuma yangu kuna mtu amesimama.

Wifi yangu niliyekuwa naye akaniambia, "Tua mzigo. Wawekee wazee jani, ukae kimya, watakuachia." Nikaweka jani, nikakaa. Ndugu zangu, nawaambia kweli, kikaniachia! Ikawa desturi yangu, kila safari jani, kila safari naachiwa. Hapo nani angeniambia ni ugonjwa nikamwelewa?

Halafu kikaanza kuteremka. Kikanikuta chini ya msitu, kwenye mawe. Baadaye darajani, chini zaidi, hata jua halijawa kali. Nilizidisha majani, hakikurudi nyuma. Nikaogopa kufa njiani peke yangu, wanangu waje kuniokota na mchele umemwagika. Nilipomwambia mume wangu akasema, "Hata kama ni wazee, kesho tunakwenda hospitali Same."

Same wakatutuma Moshi. Huko daktari, binti mdogo tu, akaniamkia, akanibandika nyaya kifuani, akanipandisha kwenye mashine yenye mkanda unaotembea. "Mama, panda mlima wako hapa hapa. Kikija, niambie."

Mkanda ukaongeza kasi, ukainuka. Mle ndani hamna mti hata mmoja, taa zinawaka mchana. Nikamhisi tena yule mtu nyuma yangu. Kikanikaba. Nami, mnicheke tu, nikaanza kutafuta jani!

"Kimekuja," nikasema.

Yeye alikuwa ameshakiona kwenye kioo, ile mistari ya moyo imebadilika. Akasimamisha mkanda, akanilaza, akanipulizia dawa chini ya ulimi. "Moyo wako unakosa damu ukipanda, mama. Ukipumzika inatosha, ndiyo maana unaachiwa." Nililia. Muda wote ule nilikuwa nakibeba mwenyewe, kupanda na kushuka.

Wakapitisha mrija mwembamba mkononi, wakauzibua mshipa wa moyo. Nawashukuru wao, na mume wangu, na nyie mliopalilia shamba langu huku mkiniombea. Wazee wa msituni sina ugomvi nao.

Ila maumivu yanayokuja ukipanda na kuondoka ukikaa, yapelekeni yakapimwe. Leo asubuhi nikija ibadani nimemwona mmoja wenu amesimama kwenye kona ya shule, mkono kifuani. Aliponiona akainama kama anafunga kamba, na viatu vyenyewe havina kamba. Simtaji jina. Tukitoka hapa, namsubiri mlangoni.