Longino Bizoza, Aliyepima Mlima wa Wakwe Zake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mzee Longino Bizoza anastaafu. Ofisi yetu ya mazingira ya Gitega ilimtegemea kwa swali moja gumu: mandhari hii inayopendeza macho, je, ni nzima?

Mzaliwa huyu wa Buraza alianza katika kitalu cha miche, kisha akahamia kikosi cha kupima mandhari. Wapimaji husimama juu ya mlima mmoja, wakatazama wa pili na kuupa alama mbili: ya uzuri, na ya hali ya udongo, maji na mimea yake. Wengi wetu tulipofika tulizichanganya. Hakutukemea. Alituteremsha bondeni kwa miguu, tukapanda upande wa pili, na viatu vyetu vya mjini vikatueleza yaliyobaki. Dereva wetu Twaha anasema hajamwona hata siku moja akitoa alama akiwa ndani ya gari, hata mvua ikinyesha.

Kipimo kilichomgharimu zaidi kilikuwa Muyinga, kwenye mlima wa kwao mkewe, Mama Emerensiana. Kwa mbali ulikuwa kijani kitupu, mikaratusi chini hadi juu, na wenzake waliusifu. Yeye aliingia chini ya miti. Nyasi hazikuwapo, udongo ulikuwa wazi, na chemchemi iliyokuwa ikiwanywesha watu wa pale ilikuwa imekauka. Akaandika: mzuri, lakini mgonjwa. Kila mtu alijua matokeo yake. Mikaratusi iliyoizunguka chemchemi na kuinyonya maji ingekatwa kabla ya kukomaa, nayo ilikuwa mali ya shemeji yake, Zakaria.

Kwenye arusi moja ya ukoo huo, mbele ya wageni, Zakaria alimwuliza, "Shemeji, we ulikuja kuchukua dada yetu, sasa unachukua na miti yetu?"

Watu wakacheka. Mzee Longino akajibu taratibu, "Miti iko mingi, shemeji. Maji iko wapi?"

Kicheko kikaisha. Tangu siku hiyo, kwa miaka kadhaa, Mama Emerensiana alikwenda kwao peke yake.

Mikaratusi ilikatwa, miti ya asili ikapandwa, na mwaka jana maji yalianza kutoka, membamba lakini safi. Ukoo mzima ulitarajia alama nzuri, maana ingekuwa pia njia rahisi ya kupatana. Mzee Longino alipanda, akakagua, akaandika: nafuu, haujapona. Tuliogopa kwa niaba yake. Kumbe Zakaria aliposomewa alicheka mpaka akakaa chini, akasema mtu asiyeweza kumdanganya hata shemeji yake ni jirani wa kufaa. Akampa kiwanja karibu na chemchemi.

Kwa hiyo nyumba yao ya Musinzira, hapa Gitega, inabaki kwa watoto, na wazee wanahamia Muyinga. Mlima huo utapimwa tena mwakani, na sisi ndio tutakaoupima. Ametuomba jambo moja tu, tusimwonee haya.

Asante, Mzee Longino. Tunakutakia afya, majirani wema na maji mlangoni. Tutakuja kwa miguu.