Moshi wa Mji Mzima

Basi liliondoka sokoni mjini Iisalmi, na Hilkka, aliyekaa nyuma kabisa, akajikuta anasikia ugomvi usiomhusu.

“Mzee, raha yote hiyo unainunia?” alisema dada mmoja, mfanyakazi wa mtambo wa umeme, vumbi la mbao limemganda kofiani. “Sisi tunachoma mabaki ya miti, unapata umeme, na maji ya moto yanakufuata kwa bomba mpaka chumbani kukupashia nyumba joto. Hupasui kuni, huzoi majivu. Unataka nini tena?”

“Zamani jirani yangu aliitazama dohani yangu kila asubuhi,” mzee aliyekaa kando yake akajibu. “Akiona moshi, alijua nimeamka. Asipouona, alikuja kunigongea mlango. Tangu yaje mabomba yenu, hajagonga hata mara moja.”

“Moshi si ule pale?” Dada akaonyesha dohani ndefu ya mtambo.

“Ule ni wa mji mzima, binti yangu. Mimi nikifa, utaendelea kufuka tu.”

Hilkka akaikodolea macho theluji ya nje, maana jirani huyo alikuwa yeye.

Basi liliposimama mtaani kwao, mzee alishukia mlango wa mbele. Hilkka akashukia wa nyuma.