Baba wa Mpiga Ngoma

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Kinyozi, mahali ambapo vumbi la barabara na harufu ya kahawa hugombania pua zetu. Asubuhi ile hata mpira haukutajwa. Jana yake bendi za shule zilishindana, na ngoma kubwa ya shule yetu ilipigwa na binti wa Fundi Chuma, yule mchomeleaji asiyesikia tangu utotoni. Katikati ya wimbo tarumbeta zikakimbia, ngoma ikabaki nyuma, bendi nzima ikayumba. Ndipo baba mtu, aliyekaa mstari wa mbele miguu peku, akasimama na kuanza kujipiga kifuani kwa kiganja, taratibu. Binti akamkazia macho, akaushika mdundo ule, wenzake wakamfuata mpaka mwisho.

— Sijaona kitu kama kile, alisema Kinyozi. Asiyesikia anamrudisha njiani anayesikia.

— Ndiyo maana wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akadakia Profesa, dereva wa lori aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusahihisha watu.

— Guu la nani? Kinyozi akauliza. Fundi si mzima?

— Methali haiulizwi, bwana. Mimi naona ni ile mashine ya kuchomelea. Imemtetemesha kifua miaka na miaka, mpaka sikio limeota humo ndani.

— Basi mafundi wote wangekuwa wanamuziki, alisema Mama Kahawa akimimina. Ile ni damu. Ya mtoto ikipotea njia, ya mzazi inajua.

— Mimi nasema alisikia kweli, Kinyozi alisema polepole. Mara moja ile tu. Mungu alimfungulia, kisha akamfungia.

Hata Profesa hakusahihisha.

Mama mmoja mgeni alikuwa akisubiri kahawa.

— Huyo ni kaka yangu, alisema. Kila alasiri hufunga karakana akaenda mazoezini. Huvua viatu, akaegemeza kiganja kwenye ngoma ya mwanawe mpaka wamalize. Wimbo ule ameujua kwa mkono.

Akapokea kikombe chake, akatugeukia.

— Na watoto wenu, je, wanacheza nini?

— Wangu hutoka na begi refu begani kila Jumamosi, Profesa alijibu.

— Ndani mna nini?

Profesa alipima urefu wa begi hewani kwa mikono, akaishia hapo. Akatutazama sisi, na sisi tukatazama barabara.