Mia Ilitimiaje?

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na kila mtu ana pake. Kinyozi hukaa karibu na mlango ili amsikie mteja. Redio, aliyetengeneza redio mpaka watu wakaacha kuzileta, hukaa katikati na birika la kahawa. Anayefuata ni fundi cherehani, ambaye kwa miaka ishirini na sita tumemwita Mia, tangu alipofikisha mikimbio mia katika mechi moja ya kriketi. Mimi wananiita Mpimaji, kwa kuwa nilipima ardhi hadi kustaafu. Siku hiyo tulikuwa na kazi: klabu yetu ya zamani ilituomba tuchague kikosi bora cha wakati wote cha mechi za siku moja, majina yachorwe kwenye ubao wa ukumbini. Sharti lilikuwa moja tu. Mpigaji ambaye hajawahi kufikisha mia haingii. Mchora mabango angefika saa kumi.

— Mrusha mipira wa kwanza ni yule dereva wa lori, alisema Kinyozi. Hapo sitaki mjadala.

— Yule mwenye upara? aliuliza Redio.

— Upara ndio uliokuwa silaha yake! Jua likiupiga, mpigaji anaona nyota mchana. Mimi mwenyewe nilikuwa naung'arisha kila Jumamosi.

— Kwa hiyo na wewe tukuweke kikosini?

— Mkiniweka sitakataa.

Tulicheka. Kiwanja chetu sasa ni ghala la saruji, lakini alasiri ile nilisikia tena mpira ukigonga gongo, na sauti za wake zetu chini ya turubai. Mke wangu hakukaa nao. Alikuwa na meza yake ndogo, kwa sababu ndiye aliyeandika alama, mpira kwa mpira, vitabu kumi na kimoja. Vitabu hivyo vimo kabatini kwangu. Huu ni mwezi wa nane tangu tumzike, na sijavifungua. Wenzangu wanajua. Ndiyo maana wanabishana kwa kumbukumbu tu, wala hakuna anayesema, hebu tukaangalie kitabu.

Ilipokaribia saa kumi tulikuwa na majina kumi.

— La kumi na moja ni Mia, alisema Redio. Hilo halipigiwi kura.

— Wekeni mtu mwingine, alisema Mia.

— Acha kujishusha, bwana. Ule mpira ulivuka paa la kiwanda cha mikate!

— Ulivuka na kiwanda chenyewe, alisema Kinyozi. Ulitua juu ya treni, ukashushwa kituo cha pili. Binamu yangu alikuwa anakata tiketi kule, aliuona.

— Siku ile treni haikupita, alisema Mia.

— We ulikuwa unapiga mpira, treni ungeionea wapi?

Mchora mabango alifika akisukuma baiskeli, ubao umefungwa nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye rangi kwenye kucha. Alitusalimu shikamoo moja ya jumla, akachukua orodha, akaisoma hadi mwisho.

— Wazee wangu, pembeni nimebakiza nafasi ya picha. Nataka nimchore huyu Mia anavyopiga ule wa mwisho. Mia ilitimia kwa mpigo gani?

Redio alitazama ndani ya birika.

— Ule wa paa la mikate ulikuwa wa sabini na kitu, alisema Redio. Wa mwisho... Mia, ulikuwa upi?

Mia alinitazama mimi.

— Kitabu kinasema mia, nilisema.

— Kitabu nakijua. Shemeji, mkeo, alikuambia nini?

Sijazoea kusema uongo kuhusu vipimo.

— Kwamba mpira ule haukugusa gongo. Ulikugonga mguuni, wewe na mwenzako mkakimbia mara mbili. Mikimbio ya mguuni ni ya timu, si ya mpigaji. Akakuandikia wewe. Kwa haki ulikuwa na tisini na nane.

— Mungu wangu, alisema Kinyozi.

— Alikuambia lini? aliuliza Mia.

— Miaka mitatu baadaye, tukikunja mashuka. Alisema ndilo kosa lake moja katika vitabu vyote.

Mia alitikisa kichwa polepole.

— Hakukosea, Mpimaji. Mwamuzi alinyanyua goti, akaligusa. Ndiyo ishara ya mguuni. Na mwandishi akiiona ishara lazima ajibu kwa kuinua mkono, mchezo hauendelei mpaka ajibu. Shemeji aliinua mkono. Aliona vizuri kabisa.

— Sasa kwa nini? niliuliza.

— Mama yangu nilimzika Ijumaa, mechi ikawa Jumapili. Aliinua mkono, akanitazama kidogo, akainama, akaandika. Mipira michache baadaye nikatolewa, sikuongeza hata mkimbio mmoja. Nimeitikia jina hili miaka yote, na kila nikikutana naye sokoni nilitaka kumwambia najua. Nikawa namuuliza hali za watoto.

Niliishi na mke wangu miaka thelathini na minne. Nilidhani nimemaliza kuambiwa mambo yake.

— Basi nifuteni, alisema Mia. Sharti ni sharti.

— Haiwezekani, nilisema. Kitabu ni chake, na ameandika mia. Nitakileta kesho, mtu asije akabisha. Unaingia.

Redio alimimina kahawa iliyobaki, akampa Mia, ingawa zamu ilikuwa yake mwenyewe. Mchora mabango alikuwa bado amesimama na penseli yake.

— Haya, na picha je? Nichore nini?

Mia aliniachia mimi nijibu.

— Chora mkono, nilisema. Mkono wa mwanamke umeinuliwa, na kalamu bado iko vidoleni.

— Wa kulia au wa kushoto?

— Wa kushoto, tulijibu, mimi na Mia, kwa pamoja.