Fundi Aliyekataa Kupunguza Gauni

Mwaka wa tisini na tano, ndani ya basi la kutoka Mumias, mzee mmoja alimwambia mama aliyeketi naye kwamba yeye mwenyewe amekonda bila kujinyima chakula, na anashukuru. Mshipi wake ulikaribia kumzunguka mara mbili.

"Hata mimi nilikuwa nashukurunga," mama akasema. "Fundi wangu, Naliaka, alinipunguzia gauni mara mbili. Mara ya tatu akakataa, akafunga cherehani, akanipeleka hospitali mwenyewe. Kumbe ni kifua kikuu. Nilimeza dawa nikapona. Mpaka leo namwombeanga."

"Mimi sikohoi, mama."

"Hata mimi sikuwa nakohoa, mzee."

Basi likasimama karibu na hospitali. "Leo siwezi kushuka hapa, tuna mkutano wa wakulima wa miwa," mzee akasema. Lakini alimshika mama mkono, akamshukuru, na hakuuachilia upesi.